Maswali ya Wasomaji: Nimeambiwa nimbebe njiti wangu kifuani, ina maana mashine zimeisha?

Tarehe 17 Novemba dunia nzima inaadhimisha siku ya watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, na tangu tulivyoigusia hapa kwenye safu meseji hazijakatika. Nimezisoma zote, zinazofanana nimeziunganisha, majina nimeyatoa. Mimi ni nesi mkunga wa wodi ya watoto wachanga, kwa hiyo najibu ninachokifanya kila siku, ila usiache kumsikiliza anayemuona mwanao kwa macho yake.

Habari dada. Nimejifungua wiki ya 31, mtoto kilo 1.4. Nilijua atawekwa kwenye mashine ya joto kama ninavyoonaga kwenye tivii, badala yake nesi kanivua blauzi, kanifungia mtoto kifuani kwa kitenge, akasema nikae hivyo hivyo usiku na mchana. Mwenzangu wa kitanda cha pili anasema private wote wanawekwa kwenye mashine, sisi tunapewa hivi sababu hatuna hela. Naogopa mwanangu atakufa kwa umaskini wangu. – Mama wa Geita

Mdogo wangu, hongera na pole, vyote kwa pamoja. Nianze na hilo la umaskini maana ndilo linalokunyima usingizi: hapana, hujapewa hivyo kwa sababu huna hela. Hicho kifua ndio tiba yenyewe, na kwa mtoto wa kilo 1.4 anayepumua mwenyewe, hata ungekuja na hela za kuinunua wodi nzima mimi ningekuambia mfunge kifuani.

Ngoja nikueleze kinachoendelea mwilini mwake. Mtoto akizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 ndio njiti, na huyu wa wiki 31 hana mafuta chini ya ngozi, ngozi yenyewe nyembamba mpaka mishipa unaiona, kwa hiyo joto linamtoka haraka hata kwenye chumba ambacho wewe mwenyewe unatokwa jasho. Akipoa mwili wake unaanza kuchoma kale kasukari kadogo alikonako na kutumia oksijeni nyingi ili ajipashe moto, sukari ikishuka analegea, hataki maziwa, anasahau kupumua, na watoto wengi sana wameondoka kwa njia hii, sio kwa ugonjwa mkubwa wenye jina gumu bali kwa baridi tu. Joto lake linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5, na ngozi ya mama kwa ngozi ya mtoto inalishika hapo hapo, umeme ukatike usikatike. Halafu kuna suala la vijidudu, mtoto yeyote lazima apate vijidudu vya kwanza kutoka mahali fulani, bora avipate kutoka kwenye ngozi yako ambavyo maziwa yako tayari yana kinga yake, kuliko vile sugu vya wodini ambavyo hata dawa tulizonazo vinazidharau. Na mapigo ya moyo yanatulia, kupumua kunatulia, maziwa yako yanatoka vizuri zaidi kwa sababu mwili wako unamsikia.

Hii kitu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, dokta mmoja anaitwa Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi imejaa, njiti wawili watatu kwenye mashine moja ya joto wanaambukizana na kufa, akaamua kuwakabidhi kwa mama zao wawabebe kifuani kama kangaruu anavyombeba mwanae. Kwa hiyo ni kweli ilizaliwa kwenye shida, na nadhani ndio maana mpaka leo watu wanaidharau wakidhani ni mbadala wa asiye na kitu. Ila tangu hapo imepimwa na kupimwa tena. Utafiti mkubwa kuliko wote wa kuanza mapema, matokeo yake yalitoka 2021, ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania na watafiti wa Muhimbili wakiwemo, watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito kuanzia kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8. Nusu walibebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa hata kabla hali haijatulia, nusu wakatunzwa kwa mtindo wa zamani, kwenye mashine kwanza, kifuani baadae wakishatulia. Waliosubiri walifariki karibu 16 kwa kila 100, waliobebwa mara moja walifariki 12 kwa kila 100. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake maana faida ilishaonekana, isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Zingatia pia kwamba hao wa kundi la pili walikuwa na mashine, na bado kifua kikawashinda. Mwaka uliofuata, 2022, Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo, kubeba kifuani ianze mara moja, masaa 8 mpaka 24 kwa siku, kila nchi, tajiri na maskini. Uswidi wana mashine za kila aina na bado wanawaweka njiti kwenye vifua vya wazazi. Kwa hiyo huyo mwenzio mwambie.

Ila sitakuficha, kifua peke yake hakitoshi kwa kila mtoto. Mapafu ya njiti mara nyingi hayana ule utelezi unaoyazuia yasigandane, mtoto anapumua kwa kukoroma na kifua kinabonyea ndani, huyo anahitaji CPAP, ile mirija miwili ya puani inayosukuma hewa, upande wa pili unaona maji yanatoa mapovu. Mwingine anahitaji dawa ya kumkumbusha kupumua, mwingine dripu, mwingine antibiotiki. Yupo pia asiyeweza kupumua kabisa bila mashine, huyo kifua kinasubiri. Lakini wa CPAP anaweza kubebwa kifuani na mirija yake, na wa mpira wa maziwa vile vile, ukiona wengine wanatolewa kifuani kwa sababu tu wana mpira puani uliza kwa upole kama anaweza kurudishwa.

Sasa nikuambie umaskini ninaoujua mimi uko wapi. Uko kwenye wodi isiyo na kitanda cha mama. Mama anaambiwa aje kila baada ya masaa matatu akamue maziwa halafu atoke, akakae kwenye benchi la nje na kidonda cha operesheni, mtoto anabaki ndani na wenzake kwenye mashine moja, nesi mmoja watoto wengi mno. Kwenye nchi zenye kipato cha chini nusu ya wanaozaliwa wiki 32 kushuka chini wanakufa, nchi tajiri karibu wote wanapona, na tofauti hiyo haiko kwenye mashine za bei kubwa tu, sehemu kubwa iko kwenye joto, maziwa, usafi wa mikono, msaada wa kupumua, na mama kuruhusiwa kukaa na mwanae. Nikisikia wodi inajengwa na ramani haina vitanda vya mama inaniuma kweli. Wewe umepewa kitanda na umepewa mtoto wako, hiyo ni huduma nzuri.

Namna ya kumbeba: mtoto uchi na nepi tu, kofia kichwani, soksi miguuni. Msimamishe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kigeukie upande mmoja na kiinuliwe kidogo, kidevu kisizame kwenye kifua maana njia ya hewa inajikunja. Kitenge kifungwe imara, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Lala umeegemea mito, usilale chali flati. Ukienda kuoga au chooni apokee mwingine. Na umwangalie uso, rangi yake, kifua kinavyopanda na kushuka, hakuna mtu wodini atakayegundua mabadiliko kabla yako.

Mke wangu kafanyiwa operesheni, presha bado iko juu hawezi kumbeba mtoto. Nesi kasema nimbebe mimi. Mama mkwe anasema mwanaume hana joto la mtoto na ni aibu kukaa kifua wazi mbele ya wamama. Nifanyeje? – Baba, Mwanza

Kaka, vaa shati la vifungo, lifungue, mbebe mwanao. Joto la mwanaume linatosha kabisa, ngozi ni ngozi, nywele za kifuani hazimdhuru. Oga kwanza, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, ondoa saa na pete, kama una mafua au kikohozi mwachie mwingine. Wodi nyingi zinaweka pazia, omba. Na mama mkwe mweleze kwa heshima kwamba binti yake akipumzika na presha ikishuka ndio atakuja kumnyonyesha mjukuu, yeye mwenyewe pia anaweza kubeba zamu yake, bibi anaruhusiwa, shangazi anaruhusiwa. Nimewaona kina bibi waliokuja wakipinga halafu ikawa kazi kuwaondoa.

Nina siku ya tatu tangu nijifungue njiti wa kilo 1.2, natoa matone tu ya maziwa. Anapewa mililita 3 kwa mpira wa puani, zitamshibisha kweli? Shangazi anasema nimchanganyie maziwa ya ng'ombe na maji na sukari. Uzito umeshuka pia. – Mama wa mapacha (mmoja alifariki), Morogoro

Pole sana mama, pole kwa huyo uliyempoteza. Unalia mmoja na unamkamulia mwingine, hakuna kazi ngumu kuliko hiyo, na matone yakigoma kutoka usijilaumu. Huzuni na uchovu vinazuia maziwa kweli, sio maneno tu.

Mililita 3 zinatosha kwa tumbo lake kwa sasa, wanamwongezea kila siku kadri anavyovumilia. Yale ya mwanzo mazito ya njano ndio kinga yake, hata tone moja usilimwage, mwambie nesi amsugulie hata ndani ya shavu. Kamua kwa mkono mara 8 kwa siku nzima, na usiku ni lazima angalau mara moja mbili maana usiku ndio homoni ya maziwa inapanda. Kamua mtoto akiwa kifuani au mara tu baada ya kumtoa, utaona tofauti. Kunywa maji, uji, kula chochote unachoweza kula, ila hakuna chakula cha muujiza, kinacholeta maziwa ni kukamua.

Ya ng'ombe hapana. Hapana kabisa, shangazi anakupenda lakini hapana. Utumbo wa njiti haujakomaa, maziwa ya ng'ombe na hata ya kopo yanaongeza hatari ya utumbo kuvimba na kuoza, na mtoto akifika huko kumrudisha ni kazi kubwa sana. Maji ya sukari, maji ya moto, dawa za tumbo za dukani, vyote acha. Kama maziwa yako hayatoshi kabisa muulize daktari nini kifanyike. Zipo sehemu zenye benki ya maziwa ya mama, yanachangwa, yanapimwa na kuchemshwa kitaalamu, kwa wenzetu Kenya ipo Pumwani pale Nairobi tangu 2019, na natamani sana tuwe na za kutosha kwetu. Ila usimpe maziwa ya mama mwingine kienyeji bila hospitali kujua, kuna VVU na mengine.

Uzito kushuka siku za mwanzo ni kawaida, ni maji yanatoka, wengi wanarudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo tunataka aongeze kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, kwa mwanao ni gramu 18 hivi, kidogo kiasi kwamba mzani mbovu hauwezi kukuambia, kwa hiyo usipaniki kwa siku moja, angalia wiki. Kunyonya mwenyewe kwa kujitegemea subiri mpaka wiki ya 34 hivi ukihesabu tangu mimba ilipoanza, kabla ya hapo kunyonya na kumeza na kupumua havijapangika vizuri. Akitoka kwenye mpira anaenda kwenye kikombe kidogo, sio chupa ya chuchu, chupa kuisafisha ni mtihani na kuhara kwa njiti sio jambo dogo.

Mjukuu wangu ananiandikia. Mtoto wa binti yangu ametoka hospitali ana kilo 1.9, huku kwetu Makete baridi kali. Tumemuwekea jiko la mkaa chumbani na chupa za maji ya moto pembeni. Kuna cha kuongeza? – Bibi

Shikamoo bibi. Ahsante kwa kumpokea mtoto, na Makete naijua baridi yake.

Bibi nakuomba leo hii hii, ukimaliza kusomewa, hilo jiko litolewe nje. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, inaua watu wazima wakiwa usingizini, sembuse huyo. Hata ukiacha dirisha wazi kidogo usiamini. Na chupa za maji ya moto zinaunguza, ngozi yake haina hata unene wa kuhimili, sisi tunawapokea wameungua mgongo na mapaja na waliowaunguza ni watu waliokuwa wanawapenda. Badala yake ni kifuani tu, binti, wewe, baba yake, mnapokezana, juu mnajifunika blanketi moja, kofia isitoke kichwani. Usiku ndio baridi inazidi kwa hiyo usiku ndio msimwache peke yake kitandani. Mtaendelea hivyo mpaka mwenyewe aanze kukataa, anajinyoosha, anatoka jasho, anasukuma, wengi wanafika hapo wakikaribia kilo 2.5.

Kuoga sio haraka, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu sehemu chafu, mkaushe upesi, mrudishe kifuani. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe chochote, si majivu, si mafuta, si dawa ya mwenye kujua. Wageni waje wamsalimie mama, mtoto wamuone kwa mbali, na kila anayemgusa anawe kwa sabuni. Moshi wa kuni na wa sigara usimfikie.

Na bibi, yapo mambo ambayo mkiyaona hamsubiri asubuhi wala hamsubiri mtu wa kuombwa ruhusa: akikataa kunyonya au ananyonya nusu ya alivyozoea, akipumua haraka kuliko mara 60 kwa dakika au kifua kinabonyea, akiacha kupumua kidogo akawa wa bluu midomoni, akiwa wa baridi miguuni na tumboni hata baada ya kukaa kifuani, akipata homa, akistuka stuka au degedege, manjano ikifika viganjani na nyayoni, au akilegea tu hana nguvu ya kulia. Mnaondoka naye akiwa kifuani, sio amefungwa kwenye mablanketi mikononi. Kwa Tanzania kuna namba ya bure 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na wachanga, mjukuu wako aiweke kwenye simu.

Hivi ni kweli mtoto wa miezi saba anapona ila wa miezi nane hafiki popote? Huku Kilifi kila mtu anasema hivyo, na dada yangu kaanza uchungu akiwa na nane, nyumba nzima ishakata tamaa. – Msomaji, Kilifi

Si kweli, na waambie leo kabla hawajamvunja moyo. Imani hii ni ya zamani mno, hata Wagiriki wa kale waliiamini na waliiandika, ndio maana utaikuta mabara yote. Ukweli ni kwamba kila wiki moja anayoongeza tumboni inamwongezea nafasi, mapafu yanakomaa, mafuta yanaongezeka, anajua kunyonya. Wa miezi nane ana nafasi kubwa kuliko wa saba, siku zote.

Nahisi kinachofanya watu waendelee kuamini ni kwamba wa miezi saba akizaliwa kila mtu anashtuka, anapelekwa hospitali, anabebwa, analindwa. Wa miezi nane anaonekana mkubwa, kilo 2.2 au 2.3, anaonekana kamili, anaogeshwa siku ile ile, anarudishwa nyumbani baada ya masaa machache, hakuna anayegundua kwamba ananyonya kwa kuchoka na anapoa usiku. Halafu akizidiwa watu wanasema si tulisema. Dada yako ajifungulie hospitali, mtoto akaushwe na kuwekwa kifuani mara moja, kitovu kisikatwe haraka kama analia na kupumua vizuri, wasubiri angalau dakika moja damu imfikie, anyonye ndani ya saa la kwanza, na asiruhusiwe kutoka mpaka waone ananyonya vizuri. Hiyo kukata tamaa mapema ndiyo inayonitisha mimi, familia iliyokwisha kumzika mtoto moyoni haikimbii naye hospitali usiku.

Mwaka jana nilijifungua wiki ya 29 nyumbani, mtoto alikaa masaa machache akafariki. Sasa nina ujauzito wa miezi minne. Kuna sindano nimesikia inakomaza mapafu, naweza kuchomwa sasa hivi ili niwe salama? – Kigoma

Mpenzi, pole kwa mwanao, na asante kwa kuniandikia mapema hivi maana mapema ndio kila kitu.

Sindano ipo, dexamethasone ndio inayotumika sana kwetu, anachomwa mama inapita kwa mtoto na kuharakisha mapafu. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, mama waliotarajiwa kujifungua kati ya wiki 26 na 34, na wakaona kwamba kwa kila mama 25 waliochomwa mtoto mmoja zaidi aliokoka. Ni dawa ya bei ndogo ukilinganisha na kinachookolewa. Lakini sio ya kuchomwa sasa hivi na sio ya kununua duka la dawa ukamwambia mtu akuchome. Inafanya kazi ikichomwa pale uchungu wa mapema umeanza kweli au daktari anajua itabidi uzalishwe ndani ya siku chache, wiki za mimba zikijulikana kwa uhakika, mama hana maambukizi, na hospitali ina uwezo wa kumtunza njiti akizaliwa. Iliwahi kujaribiwa kusambazwa mpaka ngazi ya chini kwenye nchi kadhaa bila uhakika wa umri wa mimba, matokeo yaliyotoka 2015 hayakuwa mazuri, vifo vya watoto kwa ujumla vikaongezeka. Kwa hiyo hayo masharti sio urasimu wa madaktari.

Wewe fanya haya. Nenda kliniki wiki hii, na jambo la kwanza kusema ni kwamba mimba iliyopita ilitoka wiki ya 29, wasije wakakuchanganya na wengine. Omba utrasaundi kabla ya wiki ya 24, ndiyo itakayokupa wiki za uhakika, baadae mtoto akishakuwa mkubwa kipimo kinakosea kwa wiki kadhaa. Kama kuna daktari wa kina mama aangalie mlango wa kizazi, kuna mama ambao mlango unafunguka mapema bila maumivu na unaweza kushonwa, kuna wengine wanasaidiwa na dawa ya homoni, hilo ataamua yeye akikuona. Presha ipimwe kila hudhurio, mkojo upimwe maana UTI isiyotibiwa inaleta uchungu, kaswende na VVU vipimwe, dawa za kuzuia malaria meza kwa wakati na chandarua kila usiku, Kigoma malaria mnaijua. Kazi ya kubeba mizigo mizito pumzisha, na huyu akizaliwa salama pumzisha kizazi angalau mwaka na nusu mpaka miwili.

Kuanzia wiki ya 24 mwambie mumeo na mtu mwingine mmoja wa karibu dalili hizi: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, kiuno kuvuta, maji kutoka ghafla au kidogo kidogo, damu, kichwa kuuma sana na macho kuona nyota. Ukiona moja uende, usisubiri uone kama itatulia. Na uende moja kwa moja kwenye hospitali yenye wodi ya wachanga kama ipo karibu, ukianzia zahanati waambie wakupe rufaa ukiwa bado mjamzito, maana gari salama kuliko yote la kumsafirisha njiti ni tumbo la mama yake. Tenga nauli sasa, kidogo kidogo, na ile 115 iandike. Kwenye begi weka kofia mbili na kitenge kirefu cha kumbebea.

Mtoto akizaliwa na asipolia, wale wakunga waliofundishwa kumsaidia kupumua kwa mfuko wa hewa na barakoa ndani ya dakika ya kwanza wanafanya maajabu, Tanzania tulifundisha hilo kwenye hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya wachanga vya masaa 24 ya kwanza vikishuka kwa karibu nusu. Hii haiwezekani nyumbani.

Maswali mafupi mafupi niliyoyaunganisha: chanjo apewe lini, mbona mwenzie anakaa yeye hajakaa, na kazini likizo imeisha mtoto bado yuko wodini.

Chanjo anahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, usimcheleweshee ukisubiri awe mkubwa, isipokuwa ile ya kifua kikuu ambayo kliniki wanaweza kuisogeza mpaka aongeze uzito. Kukaa, kutambaa na kusema unahesabu tangu tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, aliyewahi kwa miezi miwili akiwa na miezi minane mhesabu ana sita. Dawa ya madini chuma akiandikiwa mpe mpaka muda wake uishe, njiti anazaliwa na akiba kidogo.

Likizo: Tanzania marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yameongeza muda kwa mama wa njiti, zile wiki zilizobaki kufika 40 zinahesabiwa juu ya likizo yako ya kawaida, kwa hiyo peleka ofisini barua ya hospitali yenye umri wa mimba siku uliyojifungua na uwaulize kwa maandishi.

Na hakuna aliyeuliza hili ila naliweka. Njiti aliyezaliwa na kilo 1.5 kushuka, au aliyekaa sana kwenye oksijeni, apimwe macho na daktari wa macho akifikisha kama wiki nne. Mishipa ya macho yao inaweza kukua vibaya, mtoto anapofuka na kwa nje huoni kitu, na ikigundulika kwa wakati inatibika, ikichelewa haitibiki. Wengi wanaruhusiwa kabla ya hizo wiki nne kwa hiyo mnaondoka hamjapimwa. Siku ya kuruhusiwa uliza: macho ya mwanangu yapimwe tarehe ngapi na wapi, na jibu liandikwe kwenye kadi.